Springi Nne Chini ya Kitanda

Keki iliyomharibia Eneida jina ilivunjikia kwenye shimo la Aguas Claras, njia ya Holguín kwenda Gibara, mwaka jana mwezi wa Machi. Ilikuwa keki ya ghorofa tatu, povu jeupe la mayai na sukari juu mpaka chini, na maua mia na ishirini aliyoyafinyanga mwenyewe mpaka macho yakamwuma. Lada ya baba yake, iliyokuwa imekwisha kulala mbele kwa uzee wa springi, ilizamisha pua shimoni, chuma kikagonga chuma, na ghorofa ya juu ikaruka kutoka kiti cha nyuma ikatua kwenye bega la dereva. Dereva alikuwa Eneida. Alifika kwenye sherehe ana povu mpaka sikioni, na msichana aliyekuwa akitimiza miaka kumi na mitano, umri ambao kule hufanyiwa sherehe kama ya harusi, ndani ya gauni lake pana, akaangua kilio mbele ya mpiga picha.

Watu hawana dogo. Kabla jua halijazama jina lilikwisha kupatikana: Eneida wa Bega. Wateja wakapungua, kisha wakakatika kabisa, na mwanamke aliyekuwa akipikia nusu ya harusi za Holguín akabaki kuoka biskuti za watoto wa shule.

Sasa, wiki hii, Nereyda alikuwa amepiga simu. Nereyda huyo huyo, mama wa msichana aliyelia. Binti yake wa pili alikuwa anafikisha kumi na mitano Jumamosi.

"Nakupa nafasi moja, Eneida. Mume wangu hataki hata kusikia jina lako. Nimegombana naye kwa ajili yako."

"Haitaanguka, dada."

"Na ifike imesimama. Unajua mtaa wetu, keki tunaipokea barabarani, watu wote wanatazama. Ukiniaibisha mara ya pili, usinipigie tena."

Eneida alikata simu kwa furaha na kwa hofu. Akaenda kuomba gari la kukodi. Dereva wa kwanza alicheka mpaka akashika tumbo. Wa pili alikubali, mradi keki ikae kwenye buti pamoja na ndizi. Haya, ikabaki Lada.

Chombo alikuwa nacho. Miezi mitatu nyuma alimwendea Wilber, mkerezaji wa chuma, akamwomba amtengenezee kibano cha springi: vyuma viwili virefu vyenye nyuzi za bolti, na ndoano pande zote mbili za kushika mizunguko ya springi. Ukikaza nati, springi inajikunja taratibu na inakaa hapo hapo, haina ubavu wa kuruka. Wilber alilipwa kwa keki ya nanasi. Kilichokosekana ni springi zenyewe. Eneida alikuwa ameuliza mkoa mzima, na jibu lilikuwa lile lile: hakuna, mama, weka mpira. Kila mtu mwenye Lada iliyolala alikuwa ameshindilia vipande vya mpira katikati ya mizunguko, gari linainuka kidogo, linatembea gumu kama kitanda cha hospitali. Basi Alhamisi asubuhi aliamua kuweka mpira, afanyeje. Akaingia chumbani kwa baba yake kutafuta ubao wa kuweka chini ya jeki.

Alipoinama chini ya kitanda, mkono wake ukagusa gunia. Akalivuta. Lilikuwa zito kama lina maiti.

"Baba!"

Mzee Evelio alikuwa barazani kwenye kiti chake cha kuyumba, na kahawa yake. "Nini?"

"Chini ya kitanda chako kuna nini?"

"Viatu."

"Viatu vya chuma? Vinne? Vya kijani?"

Kiti kiliacha kuyumba. Eneida alitoka na springi moja kila mkono, mpya, hazijawahi kubeba gari hata siku moja, zimepakwa ile rangi ya kijani ya kiwanda cha sukari. Mtaa ule wote ulikuwa na rangi hiyo, milango, vitanda, mabanda ya kuku, hata choo cha jirani. Ilitokaje kiwandani, tusichimbue. Evelio alifanya kazi kule miaka thelathini na minne, na ni huko huko alikopewa Lada kwa kuwa mfanyakazi bora.

"Hizi ni za nini?"

"Za dharura."

"Dharura!" Eneida aliziachia sakafuni, kuku wakakimbia. "Dharura gani nyingine ulikuwa unaingoja, baba? Mimi nilifika Gibara na keki begani! Nimelia mwezi mzima kwenye nyumba hii, na wewe kila usiku unalalia springi nne, kimya, kama huzijui!"

Ng'ambo ya ua kichwa cha Obdulio kilichomoza. Obdulio alikuwa jirani wao, mwenye Lada yake iliyojaa mpira, na ugomvi wa watu ulikuwa chai yake ya asubuhi.

"Kuna usalama hapo?"

"Ondoa kichwa!" baba na binti walisema kwa pamoja.

Evelio alinyanyua mkono wa kushoto. Vidole vitatu. Hakuwa na haja ya kusimulia, Eneida aliijua hadithi hiyo tangu ana miaka ishirini na tano. Zamani zile Evelio alikuwa Evelio wa Waya. Kibano hakikuwepo, kwa hiyo aliifunga springi kwa waya wakati gari limeikalia, kisha akainua gari na kuitoa ikiwa imefungwa. Alifanya hivyo mara hamsini, na watu walikuja kutazama kama wanaona mazingaombwe. Mara ya hamsini na moja waya ukakatika. Springi iliruka ukutani, ikarudi, ikachukua vidole viwili.

"Hizo nilikwisha kuzipata siku ile," alisema polepole. "Jozi mbili. Moja alinipa mhandisi Mrusi alipokuwa anarudi kwao, nyingine nilibadilishana na nguruwe. Ya zamani niliyokuwa naitoa ili nifunge hizo ndiyo iliyonikata. Nikaziweka chini ya kitanda. Kila Desemba nazitoa, nazifuta, nazipaka rangi zisishike kutu."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Kwa sababu nakujua! Ungezifunga. Na kichwa chako hicho, ungekwenda kutafuta waya." Akakiweka kikombe chini. "Bora keki ianguke, mwanangu. Mkono wako ndio unaofinyanga yale maua."

Eneida alisikia hasira ikilegea, na hakutaka ilegee. Bado ilikuwa haki yake.

"Hilo lilikuwa langu kuamua, si lako," alisema. "Na sitafunga kwa waya. Nina kibano."

"Vyuma vya Wilber vile? Wilber hata bawaba ya mlango anapindisha."

"Kaa hapo unywe kahawa yako."

Akaanza. Aliweka mawe nyuma ya matairi ya nyuma, akalegeza nati za tairi la mbele kushoto, akainua gari kwa jeki, akalilaza kwenye gogo la mkwaju lililokatwa sawasawa, kwa sababu jeki ni ya kuinulia tu na mtu mwenye akili haingii chini ya gari linaloshikwa na jeki. Tairi likatoka. Shokapu, inayokaa katikati ya springi, nayo ikatoka juu baada ya kumwagiwa mafuta ya taa na matusi mawili matatu.

"Eneida!" Obdulio alirudi. "Unafungua gari au unapika?"

"Lete mdomo wako nijaribie kibano."

Evelio alicheka bila kutaka. Kiti chake, sijui kilisogezwa saa ngapi, hakikuwa tena barazani. Kilikuwa kwenye ngazi.

Eneida akaingiza ndoano za kibano, moja upande huu, moja upande ule, zikitazamana, akaanza kukaza. Mizunguko mitatu kulia, mitatu kushoto, mitatu kulia. Springi ya zamani ililia kwa kutu. Evelio alisimama ghafla akaingia jikoni akafunga mlango. Eneida alimwona, na moyo ukamwuma, lakini hakuacha. Akafungua kiungo cha chini kinachoshika tairi, mkono wa chuma ukashuka, na springi ikatoka mikononi mwake imejikunja, imetulia, haina neno.

"Baba, njoo uone."

"Sitaki."

"Njoo, mzee wangu. Haifanyi kitu."

Mlango ulifunguka kidogo. Evelio alikuja mpaka gari, akainama, akaigusa springi iliyobanwa kwa kidole kimoja, kama mtu anayejaribu pasi ya moto. Kisha akaigusa nati ya kibano. Kisha akasema nyuzi za bolti zimekatwa vizuri, Wilber kakua.

Ijumaa saa tatu asubuhi springi mpya zilikuwa ndani kushoto na kulia, kwenye vikalio vya mpira, mwisho wa kila moja kwenye kijishimo chake. Eneida alishusha gari, akapanda juu ya bampa akalirusharusha likae. Akarudi nyuma hatua kumi kulitazama.

Lada ilikuwa imeinama upande wa kulia.

"Inakukonyeza," Obdulio alisema kutoka ua.

Alipima kwa futi kutoka ardhini mpaka ukingo wa juu ya tairi, akapima tena. Kidole kizima na zaidi. Akachukua sinia la keki, akaliweka kwenye kiti cha nyuma, akamimina maji. Maji yalikimbilia kulia, yakamwagika. Alilala chini akakagua vikalio, vilikuwa sawa. Akafungua tairi akakagua tena, sawa. Hapo Eneida aliketi kwenye vumbi, na kwa mara ya kwanza tangu Nereyda apige simu, alilia. Mayai hayajavunjwa, maua hayajafinyangwa, na gari limeinama. Keki ya ghorofa tatu ndani ya gari lililoinama, kwenye njia ile, aliiona kabisa ikishuka.

"Nimefanya kila kitu ilivyotakiwa," alisema. "Kila kitu, baba. Nimekosea wapi?"

Evelio aliitazama Lada. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi. Aliingia chumbani, akarudi na springi mbili zilizobaki na kisu cha jikoni, akaketi karibu na binti yake kwenye vumbi lile lile, akaanza kukwangua rangi. Chini ya kijani cha Desemba iliyopita kulikuwa na kijani cha Desemba ya kabla yake, na cha ile nyingine, magamba ya Desemba zote ishirini na sita. Mwishowe ukatokea mstari wa njano. Akakwangua springi ya pili. Mstari wake ulikuwa wa kijani, lakini kijani kingine, kizito, si cha kiwanda.

"Hukukosea wewe," alisema. "Za alama ya njano ni ngumu. Za alama ya kijani ni laini kidogo. Zinatoka kiwandani zimegawanywa hivyo, na lazima zifungwe jozi. Kila fundi wa Lada anajua. Mimi nilijua."

"Ukazipaka zote?"

"Mwaka wa kwanza nilipitisha brashi nikaruka alama. Mwaka wa pili mkono ulitetemeka, nikaziba moja. Mwaka wa tatu nikasema, kwani nani atazifunga."

Alisema hivyo akitazama kisu. Eneida alikuwa na la kumjibu, tena kali, lakini alipoona kidevu kile cha mzee kinavyocheza, alilimeza. Akachukua kisu, akaingia chini ya madigadi, akakwangua springi zilizofungwa. Kushoto njano. Kulia kijani.

"Basi ni ya kulia tu," alisema. "Inatoka, inaingia hii ya njano. Saa nne za kazi." Akatazama jua. "Na keki inataka saa nane za kazi. Na maua saa sita. Sina."

"Nenda jikoni," Evelio alisema.

"Na gari?"

"Gari ni langu. Kiwanda kilinipa mimi."

"Kwa vidole vitatu, baba?"

"Kwa vidole vitatu na vile vitano vingine," alisema, akiwa tayari anafuta nati za kibano kwa shati lake. "Nina chombo, au sina?"

Eneida alimtazama. Neno la kumkataza lilimfika mdomoni, lile lile ambalo baba yake angemwambia yeye. Mtu mwenye mkono mmoja na nusu, miaka sabini na minane, na springi ya aina ile ile. Halafu akakumbuka mwaka mzima wa keki begani kwa sababu ya mtu aliyemwamulia kwa kumpenda.

"Kaza zamu kwa zamu," alisema. "Mizunguko mitatu mitatu."

"Nilikuwa nakutazama, mama. Nenda kwenye mayai yako."

Alikwenda. Lakini mlango wa jikoni aliuacha wazi, na masikio yote mawili yalikuwa uani. Alivunja mayai, akatenga ute, akapiga povu, huku akisikia spana: tiki, tiki, tiki, kimya, tiki, tiki, tiki. Mara kimya kikarefuka. Eneida aliganda, mwiko juu.

"Baba?"

"Napumzika! Mungu wangu, mtu hapumui kwenye nyumba hii?"

Baadaye kidogo alisikia sauti ya pili. Obdulio alikuwa ameruka ua. Safari hii hakusema la kuchekesha. Alikuwa amepiga magoti kwenye vumbi, ameshika mkono wa chini wa gari ili Evelio apate kuingiza springi, na Evelio alikuwa akimfokea kama zamani kiwandani: inua, si hivyo, inua, weka hapo, usinipumulie. Eneida alirudi kwenye maua yake akitabasamu peke yake kama mwehu.

Jioni, kabla ya chakula, waliweka sinia la maji kwenye kiti cha nyuma. Maji yalitulia. Evelio aliyatazama muda mrefu, akainamisha kichwa huku na huku, akatafuta kosa, hakuliona. Alikula sahani mbili za wali na maharage meusi, akaomba ya tatu.

Jumamosi asubuhi keki ilikaa nyuma juu ya ubao, ghorofa tatu, maua mia na arobaini, na Evelio alikaa kando yake, mikono imefunguliwa kama mlinda goli. Walipokaribia Aguas Claras, Eneida aliliona shimo kutoka mbali, lilikuwa limekula barabara upana wote, na lori la miwa lilikuwa linakuja mbele. Hakukuwa na pa kulikwepea. Akapunguza, akabana meno. Kwenye kioo alimwona baba yake amefumba macho.

Pua ya Lada ilishuka. Ikashuka, ikashuka laini, ikapanda upande wa pili, ikatulia.

"Tumefika kwenye shimo?" Evelio aliuliza, macho bado amefumba.

"Tumelipita, baba."

Aliyafumbua. Akaihesabu keki, ghorofa moja, mbili, tatu. Kisha akalia, wazi wazi, bila kujificha, na Eneida akaendesha akilia naye, kwa sababu kuna siku mtu hana haja ya kujikaza.

Gibara walikuwa barabarani tangu saa tano, mashangazi, majirani, watoto, mtu na gitaa lake. Mume wa Nereyda alikuja mlangoni pa gari, na kitu cha kwanza alichotazama ni bega la Eneida. Lilikuwa safi. Akatazama nyuma. Akavua kofia.

"Loo," alisema.

Keki ilishuka mikononi mwa wanaume wanne, imesimama wima, na msichana wa siku hiyo akaizunguka mara mbili mkono mdomoni. Dada yake, yule wa mwaka jana, alikuja akaangalia maua kwa karibu, akamkumbatia Eneida. Eneida alipokwenda jikoni kunawa, aliona juu ya friji keki nyingine, ya dukani, ndani ya boksi lake. Nereyda alimkuta anaitazama, uso ukamshuka.

"Nilikuwa na hofu, Eneida. Nisamehe."

"Hofu ni haki yako, dada. Hata mimi nilikuwa nayo."

Nereyda akaliteremsha boksi, akamwita jirani kupitia dirishani, akampa keki ile nzima nzima kwa ajili ya watoto wake. Kisha akamshika Eneida mkono akampeleka sebuleni, akawaambia wanawake wote kwa sauti, "Huyu ndiye aliyeipika." Kabla ya jua kuinama, watatu walikuwa wamemwekea siku: harusi moja, na sherehe mbili za kumi na mitano.

Jumapili Eneida aliamshwa na kelele uani. Lada ya Obdulio ilikuwa imekwisha kuinuliwa juu ya gogo la mkwaju, mipira yake imetupwa kando, na zile springi mbili zilizobaki zimeegemezwa ukutani, zimekwanguliwa mpaka chuma, kila moja na mstari wake wa kijani, mtu yeyote angeuona. Baba yake alikuwa na kibano mkononi. Obdulio alikuwa amekuja na mzigo wa waya mpya begani.

"Nimeleta na waya, mzee," alisema. "Huenda ukahitajika."

Evelio aliupokea. Akaupima kwa mkono wake wa vidole vitatu, akauvuta, akaona ni mzuri, mgumu, wa kisasa. Kisha akamtupia Eneida aliyekuwa amesimama mlangoni.

"Shika, mwanangu," alisema. "Utatufaa kuanikia nguo."